Nani Anapumzishwa Kwanza?

Tunapozungumza juu ya kazi hapa Lubumbashi, karibu kila mara tunauliza nani amepata na nani amekosa. Kuna swali jingine tunalolipita bila kusimama. Kati ya wale waliokwisha kupata, nani anarudishwa nyumbani kabla ya saa? Umeme umekatika tangu alfajiri na mashine zimesimama. Mvua ya Januari imenyesha na lori la saruji limekwama njiani. Mteja hajaja kuchukua mzigo wake. Watu kumi na wanne wamesimama uani, na kazi iliyopo inatosha watu wanane. Sita lazima waondoke. Ni akina nani?

Jibu kila mtu analijua: ni wale waliokuja mwisho. Waliotangulia wanabaki. Watu wengi, pamoja na hao wanaoondoka, wanaona hiyo ni haki, kama vile mezani wakubwa wanavyonawa mikono kabla ya watoto. Maoni yangu ni haya. Utaratibu wa kumlinda aliyetangulia ni mzuri, na nitautetea katika makala hii. Lakini namna unavyotumika kwa wafanyakazi wa siku kwa siku, unawazuia kufika siku moja kuwa nao waliotangulia. Wanarudishwa kwa sababu ni wapya, na wanabaki wapya kwa sababu wanarudishwa.

Haya nimeyaona kwa karibu. Likizo mbili mfululizo, nilipokuwa natafuta franga za minervali, nilifanya kazi kwenye depo moja ya unga na saruji hapa mjini. Jina lake silitaji. Depo za namna hiyo ni nyingi, na wenzangu waliofanya kazi kwingine wananisimulia mambo yale yale. Tuliingia saa moja asubuhi. Kapita alikuwa na daftari, tuliloliita buku, na humo aliandika majina. Hakuyaandika asubuhi tulipoingia, aliyaandika jioni tulipotoka. Aliyekuwepo saa kumi aliandikwa siku nzima. Aliyerudishwa saa nne hakuandikwa kitu. Akiwa na bahati alipewa nauli ya basi.

Kapita hakuwa mtu wa ukali. Alikuja karibu, akakushika bega, akasema kwa sauti ya chini: "Mudogo yangu, enda kwanza upumuzike, utarudia kesho." Naomba tuitazame sentensi hiyo kama tunavyotazama sentensi yoyote darasani, maana karibu kila neno lake linafanya kazi.

Tuanze na kitenzi. Wote tunajua mnyambuliko huu: kupumzika, kupumzisha, kupumzishwa. Anayepumzika amechoka, na ameamua mwenyewe kukaa. Katika kupumzisha ameingia mtu mwingine anayeamua, lakini maana ya wema inabaki: namhurumia aliyechoka, nampa nafasi ya kukaa. Sasa mtu aliyefika kazini saa moja na kuambiwa aondoke saa nne amechoka kwa nini? Hajabeba hata magunia ishirini. Anachokosa ni mshahara wa siku, na lugha inamwambia kwamba amepewa zawadi. Jioni mama akiuliza mbona umerudi mapema, unajibu kama tunavyojibu sote huku kwetu: "Balitupumuzisha." Hao "ba" ni akina nani? Hakuna anayeuliza. Kiambishi kimoja cha nafsi ya tatu, wingi, kimewafunika kapita, mwenye depo, mvua na umeme, wote pamoja. Lingekuwa neno kufukuza, tungedai kujua nani amefukuza, kwa kosa gani, na karatasi iko wapi. Kwa kupumzisha hatudai kitu.

Neno la pili ni mudogo. Katika Kiswahili, mkubwa na mdogo yanabeba mambo matatu kwa mara moja: umri, cheo, na nani alitangulia. Nyumbani mambo hayo matatu hutembea pamoja. Yaya yako amezaliwa mbele yako, ana miaka kuliko wewe, na neno lake lina uzito. Kazini yanaachana. Katika depo ile palikuwa na baba mmoja aliyepita miaka hamsini, mwenye wajukuu, aliyeingia wiki tatu nyuma yangu. Kwa umri alikuwa mzee wetu sote, kapita mwenyewe akiwemo. Lakini kazi ilipopungua, yeye ndiye aliyekuwa mudogo. Kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyeanza mwaka uliotangulia, alibaki ndani akipanga magunia, na huyo baba akachukua koti lake akatoka. Alipofika nje tulirudi kumwita papa, kwa heshima yote. Ndani ya ukuta wa depo neno hilo halikumsaidia.

Sisemi kwamba umri ungetakiwa kumlinda. Ninachosema ni kwamba kapita anapotumia neno la ukoo, anaazima heshima ya nyumbani ili kupitisha uamuzi wa depo. Mdogo habishani na mkubwa wake, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo uamuzi unaogusa chakula cha watu unapita bila mtu kuuliza umepimwa kwa kipimo gani. Je, ni siku nilizofanya kazi? Ni mwezi nilioanza? Au ni kwamba kapita anamjua shangazi ya mtu fulani? Neno mudogo linajibu maswali yote matatu bila kujibu hata moja.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye uzito. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, ina kifungu cha 40 ambacho kila mfanyakazi wa siku angepaswa kukijua kama anavyojua jina lake. Kinasema hivi kwa maana: mtu aliyeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, mkataba huo mpya unahesabiwa kuwa ni wa muda usio na kikomo. Yaani anatoka katika hali ya kuitwa na kurudishwa. Anakuwa mfanyakazi kamili, na kuanzia hapo miaka yake inaanza kuhesabiwa.

Chukua kalamu. Depo inakuita siku tatu kwa wiki. Wiki nane ni siku 24. Umevuka 22, sheria iko upande wako. Lakini kila wiki siku moja kati ya hizo tatu umepumzishwa saa nne, na jina lako halikuandikwa. Toa siku nane. Unabaki na 16. Miezi miwili inakwisha, hesabu inaanza upya, na wewe bado ni mudogo. Miezi miwili mingine, vilevile. Mwaka mzima unaweza kupita ukiamka saa kumi na moja alfajiri, ukipanda basi, ukisimama uani, na katika daftari ukaonekana kama mtu anayepitapita tu.

Aliyetangulia naye anapata kinyume chake. Kwa kuwa anabaki, anaandikwa. Kwa kuwa anaandikwa, wiki ijayo atabaki tena. Tofauti kati ya watu wawili walioanza kwa mwachano wa mwezi mmoja inakua kila mvua inaponyesha. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 64, inampa mfanyakazi wa muda usio na kikomo notisi ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Mwenye miaka kumi ana siku 84 za kujiandaa kabla ya mshahara kukatika. Mwenye miaka kumi ya kupumzishwa anaambiwa saa nne ileile, kwa sauti ya chini, aende nyumbani.

Lugha zenyewe zilikwisha kuliona jambo hili. Huku kwetu mtu huyo tunamwita jurnalie, neno tulilolichukua katika Kifaransa, na ndani yake mna siku. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanamwita kibarua, na ndani yake mna barua. Kibarua ni barua ndogo. Kwenye pwani lilikuwa ni jina la kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kuwa ushahidi wa kazi yake, na baadaye jina likahama kutoka karatasi kwenda kwa mtu mwenyewe. Jina moja linashika siku, jina lingine linashika karatasi. Ugomvi wangu uko katikati ya majina hayo mawili, kwenye siku iliyofanyiwa kazi lakini haikufika kwenye karatasi.

Najua wakubwa watanijibu nini, kwa sababu nimekwisha kujibiwa. Wanasema: wewe ni kijana, una mwili, ukirudishwa leo utapata kibarua kingine sokoni, sisi tuna watoto shuleni, kodi ya nyumba, mgongo unaouma. Wanasema pia kwamba ukiondoa utaratibu wa kutangulia, utabaki na upendeleo tu, na kapita atawabakiza watu wa kijiji chake. Hoja hiyo ya pili ni ya kweli kabisa. Kutangulia kuna uzuri mmoja mkubwa: kunaweza kuhesabika. Huwezi kununua tarehe uliyoanza kazi, wala huwezi kuipata kwa kumsalimia mkubwa vizuri. Ndiyo maana sheria yenyewe, katika kifungu cha 78, inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuchumi aangalie ujuzi wao, muda wao katika kampuni, na mzigo wa familia zao.

Wakubwa wa mji huu wana sababu nyingine ya kushikilia kutangulia. Katika miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka, Union Minière iliwarudisha maelfu ya wafanyakazi vijijini. Kurudishwa nyumbani siku zile hakukuwa kwenda Kenya au Katuba kula bukari na kurudi kesho. Kulikuwa ni kupanda gari moshi na mzigo wote. Na karibu zaidi na sisi, kati ya 2003 na 2004, Gécamines iliwaacha zaidi ya wafanyakazi 10,000 katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia na ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hapo waliolengwa ni hasa wale wenye miaka mingi kazini. Wengi wao wamelalamika hadi leo kwamba walichopewa hakikulingana na miaka waliyotoa. Karibu kila mwanafunzi wa Katanga anayesoma makala hii ana baba, mjomba au jirani aliyekuwa kwenye orodha ile.

Nataka tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Kwenye depo, ugumu ukija, mpya ndiye anayeondoka kwanza. Kwenye kampuni kubwa, ugumu ulipokuja, wa zamani ndio walioondolewa kwanza. Kutangulia kule kule, mara kunamlinda mtu, mara kunamtoa. Kwa hiyo mkubwa anayebaki leo akipanga magunia asidhani kwamba miaka yake peke yake ndiyo inayomshika. Kinachomshika ni daftari, na yule anayeshika kalamu. Siku mwenye kalamu atakapoona miaka mingi ni gharama, miaka hiyo hiyo itageuzwa kuwa sababu ya kumtoa. Mkubwa na mdogo wana shida moja: hakuna kati yao aliyewahi kusoma daftari linaloamua siku zao.

Tufanye nini? Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, majina yaandikwe asubuhi. Mtu aliyeingia saa moja amefika kazini, na siku yake ianze kuwepo kwenye karatasi saa moja. Akirudishwa saa nne kwa sababu umeme umekatika, daftari liseme hivyo: alikuja saa moja, amerudishwa saa nne, sababu ni umeme. Hapo hesabu ya siku 22 itakuwa na mahali pa kushika, na mkaguzi wa kazi akija atakuwa na kitu cha kusoma.

La pili, tutenganishe mambo mawili tunayoyachanganya. Kampuni inapofunga au inapopunguza watu, kutangulia kuheshimiwe kama sheria inavyosema. Lakini mvua ya siku moja ni jambo dogo, na jambo dogo ligawanywe kwa zamu. Leo waondoke hawa sita, wiki ijayo waondoke wengine. Mwenye miaka mitano akikosa nusu siku kwa mwezi hatapoteza mkataba wake. Mpya akikosa siku moja kila wiki anapoteza mlango wa kuingilia. Uchungu wa kitu kile kile haulingani kwa wote, na haki lazima iangalie hilo. Kazi inayohitaji fundi ibaki na fundi, hilo halina ubishi. Lakini kubeba gunia la unga hakuhitaji miaka mitano ya ujuzi.

La tatu, orodha ibandikwe ukutani. Kila mtu aone tarehe aliyoanza, siku alizoandikwa mwezi huu, na zamu yake ya kuondoka. Kapita mwema hatapoteza kitu. Atapumzika kweli, maana hatalazimika tena kuchagua nani aende nyumbani huku akimwita mdogo wake.

Na sisi wa lugha, kazi yetu iko wapi? Iko hapa. Sheria ya Kazi imeandikwa kwa Kifaransa, na kapita anaitekeleza au anaikanyaga kwa Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha jinsi Kiswahili cha Kongo ya Wabelgiji kilivyoingizwa katika vitabu vidogo vya kazi ambavyo mkubwa alivitumia kutoa amri. Mfanyakazi alipewa Kiswahili cha kuambiwa. Kiswahili cha kudai haki yake hakuna aliyemwandikia. Katiba yetu ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kifungu chake cha 142 kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo ndani ya siku sitini. Sheria ya Kazi ilirekebishwa Julai 2016, Katiba hiyo ikiwa imekwisha kuwa na miaka kumi. Katika depo niliyofanya kazi, sikuona hata ukurasa mmoja wake kwa Kiswahili.

Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo juu ya viambishi, methali na majina ya watu. Ni kazi nzuri, nami naandika yangu. Lakini tungeweza, darasa moja tu, kugawana vifungu ishirini vya Sheria ya Kazi vinavyomgusa mfanyakazi wa siku, kuvitafsiri kwa Kiswahili kinachosemwa Kenya, Katuba na Kamalondo, kuvijaribu kwa watu wenyewe ili tujue wanavielewa vipi, na kuvichapa kwenye karatasi moja inayokunjika mfukoni. Wenzetu wa kitivo cha sheria wangetusahihisha pale tutakapokosea maana. Tungejifunza tafsiri, istilahi na semantiki kwa mara moja, na mtu mwingine angepata siku zake.

Neno gumu kuliko yote litakuwa lile la kutaja muda ambao mtu amekaa kazini. Tukisema ukubwa, tutakuwa tumerudia kosa la kapita. Mimi napendekeza tuseme waziwazi siku za kazi, kwa sababu siku zinahesabika na ukubwa hauhesabiki. Na ili nisiwaachie wengine kazi yote, naanza na kifungu cha 40, katika Kiswahili ambacho yule papa wa depo angekisoma bila kuuliza mtu: "Kama ulitumika siku makumi mbili na mbili mu miezi mbili, na banakuita tena mbele ile miezi iishe, hauko tena mutu wa siku kwa siku. Uko mutumishi. Shika hesabu ya siku zako wewe mwenyewe." Sentensi ya mwisho haimo katika sheria. Nimeiongeza mimi, na anayetaka kuiondoa anitafute idarani tuzungumze.